Sikio, Pua na Koo

Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu. Tulilieleza jicho peke yake, na ngozi peke yake. Sikio na pua hatutavitenganisha, na pamoja navyo tutaliweka koo, ijapokuwa koo si mlango wa fahamu. Viungo hivi vitatu vimeungana ndani ya kichwa kama vyumba vya nyumba moja. Ugonjwa ukiingia chumba kimoja, huweza kupita mlangoni ukaingia chumba cha pili. Ndiyo maana mafua ya wiki iliyopita huweza kuwa maumivu ya sikio wiki hii.

Kabla ya kuendelea kusoma, fanya jaribio hili. Ikiwa una mafua, au sikio linakuuma, usilifanye, mwachie mwenzako. Ziba pua yako kwa vidole viwili, funga kinywa, kisha umeze mate. Je, umehisi nini masikioni? Watu wengi husikia mlio mdogo, kisha masikio huwa kana kwamba yamezibwa. Sasa achia pua, umeze mate tena. Masikio yamefunguka. Hukuligusa sikio hata kidogo. Ulishika pua na ukameza kwa koo, lakini badiliko ulilihisi sikioni. Sababu yake utaiona hivi punde.

Sauti na sikio

Sauti ni mtetemo. Ngoma ikipigwa, ngozi yake hutetemeka, na hewa iliyo karibu nayo hutetemeka pia. Mtetemo huo huenea pande zote. Katika hewa sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Mwendo huo ni mkubwa, lakini mwanga huenda upesi zaidi. Simama mahali palipo wazi, umtazame mtu aliye mbali akikata gogo kwa shoka. Utaliona shoka likipiga, ndipo baadaye utakisikia kishindo. Ikiwa imepita sekunde moja kati ya kuona na kusikia, mtu huyo yuko umbali wa mita 340 hivi kutoka uliposimama.

Sehemu ya sikio tunayoiona huikusanya mitetemo na kuipeleka ndani ya tundu la sikio. Kwa mtu mzima tundu hilo lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Mwisho wake pana utando mwembamba uitwao kiwambo cha sikio. Watu wengine hukiita ngoma ya sikio, na jina hilo linafaa, kwa maana utando huo hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Upana wake haufiki sentimita moja, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita moja. Unaweza basi kuelewa kwa nini njiti ya kiberiti huutoboa kwa urahisi. Hata kofi linalopigwa juu ya tundu la sikio huweza kuupasua, kwa sababu hewa husukumwa ndani kwa nguvu.

Nyuma ya kiwambo kipo chumba kidogo chenye hewa, nacho ndicho sikio la kati. Ndani yake mna vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko mifupa yote ya mwili. Urefu wake ni milimita 3 hivi, yaani kama nusu ya punje ya mchele. Vifupa hivi hupokezana mtetemo mpaka sikio la ndani, ambamo mna mfereji uliojizungusha kama gamba la konokono. Mfereji huo huitwa koklea. Umejaa majimaji, na ndani yake mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana. Chembe hizo hugeuza mtetemo kuwa habari, na neva huipeleka habari hiyo kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti nyingine.

Sasa turudi kwenye jaribio letu. Hewa iliyo katika sikio la kati inatoka wapi? Kiwambo hakiruhusu hewa kupita. Hewa huingia kwa njia ya nyuma, katika mrija mwembamba unaoanzia mahali ambapo pua hukutana na koo. Mrija huo huitwa mrija wa Eustakio, kwa jina la Bartolomeo Eustachi, mganga wa Italia aliyeueleza katika karne ya 16. Kwa kawaida mrija huu umefumba. Unapomeza mate au kupiga miayo, hufumbuka kidogo na hewa hupita. Ulipoziba pua na kumeza, hewa ya sikioni ilivutwa kidogo, na kiwambo kikavutika kuelekea ndani. Ulipomeza tena pua ikiwa wazi, hewa ilirudi mahali pake.

Njia inayopitisha hewa huweza pia kupitisha vijidudu vya magonjwa. Kwa mtu mzima mrija huu ni mrefu na umeinama, hivyo uchafu wa puani hauupandi kwa urahisi. Kwa mtoto mdogo mrija ni mfupi, nao umelala karibu sawasawa. Mtoto akipata mafua, mrija huvimba na kuziba, majimaji hujikusanya katika sikio la kati, na vijidudu huzaliana humo. Hii ndiyo sababu wadogo zako huugua masikio mara nyingi kuliko wazazi wako.

Mtoto wa shambani Malinyi

Tuchukue mfano wa Malinyi, katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro. Bonde hili ni tambarare kubwa. Upande mmoja pana milima ya Udzungwa na upande wa pili pana milima ya Mahenge. Mvua kubwa zikinyesha maji hutanda, na wakulima hulima mpunga. Mashamba mengi yako mbali na vijiji, kwa hiyo familia nyingi huhamia shambani majira ya kilimo. Hukaa humo katika vibanda na madungu kwa wiki nyingi, wakiulinda mpunga usiliwe na ndege na wanyama. Zahanati hubaki nyuma kijijini, na njia ya kuifikia ni ya maji na matope.

Fikiri juu ya mtoto wa miaka mitatu aliyefuatana na wazazi wake huko. Kwanza anapata mafua. Siku ya tatu usiku anaanza kulia, anajishika sikio, na mwili una joto. Wazazi wake hufikiri nini? Katika bonde la Kilombero malaria imejulikana vizazi na vizazi. Hata Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ilianza kama maabara ndogo katika miaka ya 1950, imejipatia jina kubwa duniani kwa kuchunguza mbu na malaria. Basi si ajabu mzazi akiona homa akaitaja malaria, na si kosa kuifikiria. Kosa ni kukisia bila kupima. Siku hizi zahanati zina kipimo cha haraka cha malaria, ambacho hutumia tone moja la damu na kutoa jibu kwa muda wa nusu saa hivi. Kipimo kisipoonyesha malaria, homa bado ina sababu, na sababu hiyo yapaswa kutafutwa sikioni, kooni, kifuani na penginepo.

Siku ya nne asubuhi mtoto ameacha kulia. Usaha unatoka sikioni, na homa imeshuka. Watu wa kibandani wanafurahi, wakisema amepona. Hapa ndipo penye hatari, nawe soma kwa makini. Maumivu yamekwisha kwa sababu kiwambo kimepasuka. Usaha uliokuwa ukikisukuma kutoka ndani umepata njia, na pale penye njia pana tundu. Mtoto akitibiwa mapema, tundu dogo huziba lenyewe. Asipotibiwa, usaha huendelea kutoka wiki hadi wiki, nalo tundu hubaki. Wahudumu wa afya huhesabu siku 14: usaha ukitoka kwa muda huo au zaidi, ugonjwa huo huitwa sugu. Yapo masikio yanayotoa usaha kwa miaka, na jamaa za mtoto huzoea harufu yake kama watu wanavyozoea moshi wa jikoni.

Kiwambo chenye tundu hakitetemeki vizuri. Mtoto husikia, lakini hasikii vyema. Akiitwa kwa sauti kubwa ataitika, kwa hiyo nyumbani hakuna anayemwita kiziwi. Darasani hukosa sehemu ya maneno. Mwalimu akisema “tisini” yeye husikia “sitini”. Hujibu vibaya, huchekwa, kisha huacha kujibu. Mimi niliyeandika somo hili nilipata kufundisha shule ya sekondari. Alikuwapo mwanafunzi aliyekaa nyuma, ambaye mara nyingi hakuitika alipoitwa. Kwa muhula mzima nilimwadhibu, nikidhani ni mkaidi. Siku moja nilimwita akiwa amenipa mgongo, umbali wa hatua mbili, na darasa lote limenyamaza. Hakugeuka. Sikio lake moja lilikuwa likitoa usaha tangu utoto wake, na hapana mwalimu aliyepata kumwuliza.

Mtoto mwenye usaha sikioni apelekwe zahanati, hata kama haumwi. Huko atapimwa, na ikibidi atapewa dawa. Mganga wa zahanati atamwonyesha mzazi namna ya kulikausha sikio: kipande cha kitambaa safi chenye kunyonya maji husokotwa kama utambi, huingizwa taratibu, kikilowa hutolewa na kubadilishwa, mpaka sikio likauke. Kazi hii hufanywa mara tatu kwa siku, na vitambaa vilivyotumika hutupwa. Yaonekana ni kazi ndogo, lakini dawa ya matone haifiki mahali pake ikiwa sikio limejaa usaha. Wakati huo mtoto asipige mbizi mtoni wala kwenye maji ya mafuriko. Asitiwe sikioni mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya kitunguu, wala mkojo. Vitu hivi huingiza vijidudu vipya kupitia tundu.

Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, usingoje hata siku moja. Uvimbe huo huonyesha kwamba ugonjwa umeingia katika mfupa, na kutoka hapo ubongo hauko mbali. Mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa hospitali, kama ile ya Lugala huko Malinyi, au ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Zamani safari ya Ifakara ilingoja kivuko cha mto Kilombero. Tangu daraja lilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, gari la wagonjwa huvuka kwa dakika chache.

Sikio lisilo na ugonjwa halihitaji kuchokolewa. Nta iliyo ndani si uchafu. Hunasa vumbi na wadudu, na husogea nje yenyewe. Unyoya wa kuku, njiti na vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi. Wakati wa kupura na kupepeta mpunga, punje huweza kuruka zikaingia sikioni. Punje ikiingia usitie maji, kwa kuwa hufura kama inavyofura ndani ya sufuria, na kuitoa huwa vigumu zaidi. Nenda zahanati.

Pua

Pua huipasha hewa joto, huilowesha, na huichuja. Vinyweleo na kamasi hunasa vumbi. Ukikaa siku nzima penye kupepetwa mpunga, kisha upenge kamasi, utaona mwenyewe pua ilivyofanya kazi. Ukipenga, ziba tundu moja na upenge lile jingine polepole. Anayeziba yote mawili na kupuliza kwa nguvu huisukuma kamasi yenye vijidudu katika ule mrija tulioutaja, mpaka sikioni.

Mtoto mdogo akitokwa kamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, yafaa kushuku kwamba ameingiza kitu humo: punje ya harage, shanga, au kipande cha sponji la godoro. Kitu cha hatari kuliko vyote ni betri bapa ndogo ya saa, ambayo huunguza nyama ya pua kwa saa chache. Huyo akimbizwe hospitali mara moja.

Damu ikikutoka puani, keti, inama kidogo mbele, ubane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia, ukipumua kwa kinywa. Watu wengi hufanya kinyume chake: humlaza mgonjwa chali, na damu huteremka kooni akaimeza.

Koo

Kooni njia mbili hupishana, ile ya hewa na ile ya chakula. Kidakatonge huifunika njia ya hewa kila unapomeza. Ukicheka huku unakula, kidakatonge huchelewa, nawe hupaliwa. Kwa sababu hiyo mtoto mdogo asipewe karanga, kwa kuwa karanga ikiingia katika koo la hewa huweza kumwua.

Simama mbele ya kioo, fungua kinywa, useme “aa”. Katikati utaona kinyama kinachoning'inia. Hicho ni kimeo. Unapomeza, kimeo na kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya puani, ili chai isitokee puani. Kila binadamu anacho, kifupi au kirefu, nacho si ugonjwa.

Katika sehemu nyingi za Tanzania watu wameamini kwamba kimeo kirefu ndicho kinachomfanya mtoto akohoe, atapike au akonde. Humpeleka mtoto kwa mtu wa kukata vimeo, naye hukikata kwa wembe au kwa chombo kingine cha chuma. Mababu zetu walikuwa na dawa nyingi zenye manufaa, lakini hii haimo miongoni mwake. Angalia sababu. Kikohozi hutokana na mafua, nimonia, pumu, kifua kikuu, au kitu kilichokwama katika koo la hewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa katika kimeo. Kikohozi cha mafua hupona chenyewe baada ya siku kadhaa, na mkataji husifiwa kwa uponyaji ambao hakuufanya. Kikohozi cha nimonia hakiponi, na siku zilizopotea kwa kukata kimeo ndizo ambazo mtoto angepewa dawa. Tena wembe wenyewe una madhara. Madaktari nchini wameandika habari za watoto walioletwa hospitali wakivuja damu nyingi, au jeraha limeoza, baada ya kukatwa kimeo. Chombo kilichotumika kwa watoto wengi huweza pia kupitisha pepopunda na virusi vya Ukimwi. Mtoto anayekohoa huku anapumua harakaharaka, au mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, apelekwe kwa mganga wa zahanati siku hiyohiyo.

Kando ya kimeo, kulia na kushoto, utaona vinundu viwili. Hivyo ni tezi za koo. Zikivimba na kuuma tunasema mtu ana mafindofindo. Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na virusi, na hupita wenyewe. Lakini wakati mwingine huletwa na bakteria waitwao streptokoki, nao hawaishii kooni. Mwili unapopigana nao, wiki mbili au tatu baadaye, huweza kukosea na kushambulia viungo vyake wenyewe. Magoti na vifundo vya miguu huvimba na kuuma. Vali za moyo, yaani milango inayoizuia damu kurudi nyuma, huharibika. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wewe na wenzako. Penisilini huuzuia, nayo ni dawa ya siku nyingi isiyo ghali. Vali iliyoharibika hutaka upasuaji mkubwa, kama ule unaofanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Koo likikuuma pamoja na homa, na hupigi chafya wala huna mafua, nenda ukapimwe. Ukipewa vidonge vya siku 10, umeze kwa siku zote 10, hata kama koo limeacha kuuma siku ya tatu.

Wale wasiosikia

Baadhi ya uziwi huzuiwa kwa chanjo. Surua huharibu masikio. Rubella ikimpata mama mwenye mimba, mtoto huweza kuzaliwa hasikii. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubella kwa pamoja mwaka 2014. Uziwi mwingine huletwa na kelele, kama za mashine ya kukoboa mpunga, au za spika ndogo zinazotiwa masikioni. Ikiwa lazima upaze sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, kelele hiyo imezidi.

Wako pia waliozaliwa viziwi. Hao si wajinga, na ubongo wao hauna upungufu. Hujifunza kwa lugha ya alama, katika shule kama ile ya Tabora iliyoanza mwaka 1963 na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1974. Mwaka 2017 madaktari wa Muhimbili waliwapandikiza watoto chombo kinachofanya kazi ya koklea, kwa mara ya kwanza nchini.

Maswali na kazi

1. Kwa nini maumivu ya sikio huweza kukoma ghafla usaha unapoanza kutoka?

2. Eleza kwa nini tunapenga tundu moja la pua kwa wakati mmoja.

3. Mtu ameona shoka likipiga gogo, na baada ya sekunde 2 akasikia kishindo. Mkataji yuko umbali gani?

4. Jirani yako anasema mtoto wake anakohoa kwa sababu ya kimeo. Utamwuliza maswali gani juu ya kikohozi hicho?

5. Fanyeni kazi hii wawili wawili, darasa likiwa kimya. Simama nyuma ya mwenzako, kiasi cha urefu wa mkono, naye azibe sikio moja kwa kidole. Nong'ona maneno matatu, kama “tisini, daraja, mpunga”, naye ayarudie. Kisha fanya hivyo kwa sikio la pili. Asiyeweza kuyarudia maneno mlipojaribu mara mbili, mjulishe mwalimu faraghani, bila kumcheka, ili akae mbele na wazazi wake wampeleke kupimwa.